Mwaka wa Pili Hawakuja Hekaluni

Oi na mimi tulijuana kwenye sinki. Tulikuwa mwaka wa pili chuoni, tumeomba kujiunga na utafiti katika maabara ya mwalimu Wipada, na kila mmoja wetu alidhani siku ya kwanza atapewa hadubini. Tulipewa brashi. Muhula mzima tuliosha chupa na vibakuli vya kioo, tukavianika, tukavirudisha kabatini, na wanafunzi wa uzamili walipita nyuma yetu bila kujua majina yetu.

"Prae," Oi aliniambia siku moja, mikono imemnyauka kwa sabuni, "mama anawaambia majirani mimi natafuta dawa ya saratani."

"Mwambie unaitafuta ndani ya sinki."

Jina lake la cheti lilikuwa Sirikanda. Oi, yaani muwa, ni jina la nyumbani, kwa sababu alizaliwa msimu wa kukata miwa. Alikuwa msichana mfupi, mwenye meno yaliyopandana kidogo, na alicheka akiziba mdomo kwa kiganja. Baba yake alikwenda Bangkok kufanya kazi za ujenzi akapata mke mwingine huko. Aliyemlea Oi ni kaka wa mama yake, mjomba Khampan, ambaye alimpeleka shule kwa pikipiki kila asubuhi, na mvua ikinyesha alimfunika kwa mfuko wa mbolea. Oi alimtaja mjomba wake kila siku, hata pale ambapo hakukuwa na sababu ya kumtaja.

Maabara yetu ilishughulika na minyoo ya ini. Kwetu Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, hilo si jambo la vitabuni. Samaki wadogo weupe wa mtoni wana mabuu ya minyoo hiyo, nasi tunawala wabichi: wanakatwakatwa, wanatiwa ndimu, pilipili, mnanaa na unga wa mchele uliokaangwa, wanaliwa kwa wali wa kunata. Chakula hicho tunakiita koi, na hakuna karamu ya wanaume isiyokuwa nacho. Mnyoo unapanda mpaka kwenye mifereji ya nyongo, unatulia humo miaka na miaka bila mtu kuhisi kitu. Kisha siku moja mtu anageuka manjano macho na ngozi, na kabla ya mavuno mengine mnamzika. Kila kijiji kina watu wake wa manjano.

Siku mwalimu aliporidhika kwamba tunajua kuosha, alitufundisha kutafuta mayai ya minyoo kwenye choo. Kwa mazoezi, kila mwanafunzi alileta choo chake mwenyewe. Mimi sikuona kitu. Oi alisogezasogeza kioo kwenye hadubini yake, halafu akaniita.

"Njoo uangalie hapa. Haya si ndiyo yenyewe?"

Niliangalia. Yalikuwa mayai madogo ya rangi ya majani makavu, kila moja na kifuniko chake.

"Ndiyo yenyewe. Ya nani hii?"

"Yangu." Akavuta pumzi. "Mjomba alinilisha kwa mkono wake. Nilikuwa nikinyimwa nalia mpaka napewa."

Hakusema kwa kumlaumu. Mwalimu Wipada alimpa vidonge, akalala bwenini kwa kizunguzungu, na aliporudi alituambia amewafukuza wapangaji wake. Tulicheka. Lakini tangu siku hiyo alibadilika. Alikuwa wa kwanza kufungua maabara na wa mwisho kuondoka. Alisoma makala ambazo hakuna aliyemtuma azisome. Ilipofika zamu yetu ya kuwapasua hamsta walioambukizwa, panya wale wasio na mkia ambao yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwalisha na kubadilisha maranda yao, alimshika wa kwanza, akafanya kama alivyoonyeshwa. Baadaye nilimkuta ngazini ameinamisha kichwa.

"Ini lao lilikuwa gumu," alisema. "Prae, nilibonyeza kwa kidole. Lilikuwa gumu kama jiwe."

Mwaka wa tatu mwalimu alipata ruhusa ya kuzunguka vijiji vya kando ya mto Chi, kupima watu choo na kuwapiga picha ya ini kwa ultrasaundi, mwaka ule na mwaka uliofuata. Alitafuta wanafunzi wanaojua kuzungumza na wazee kwa lugha yetu ya nyumbani, si kwa Kithai cha ofisini. Oi akakipendekeza kijiji chake.

"Una hakika?" mwalimu alimuuliza. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye nywele fupi, asiyependa maneno mengi. "Ukichunguza kwenu, utakuta vya kwenu."

"Ndiyo maana nataka, mwalimu."

Tulikwenda yeye na mimi kwanza, kugawa vikopo nyumba kwa nyumba. Watu walitupokea kwa mikeka na maji baridi, na kwa kejeli.

"Mtoto wetu amekwenda chuo kikuu," mzee mmoja aliwaambia wenzake, "amerudi anaomba mavi."

"Angalau anaomba kwa adabu," mwingine akajibu. "Wabunge wanachukua kila kitu bila kuomba."

Mjomba Khampan alitusubiri kivulini chini ya nyumba yake iliyoinuliwa kwa nguzo, anashona wavu. Alikuwa mtu mpana, mwenye chale za zamani za kinga kifuani na sauti ya kuita ng'ombe. Alimtazama mpwa wake na kile kikopo mkononi.

"Kwa hiyo koi yangu ndiyo inayoua watu?"

"Si yako peke yako, mjomba."

"Baba yangu alikula, akafa na miaka themanini. Alianguka kutoka mnazini."

"Na mdogo wako Suthin je?"

Mjomba aliacha kushona. Suthin alikuwa mmoja wa watu wa manjano. Mke wa mjomba, shangazi Bualai, aliyekuwa akipepeta mchele pembeni, alisema taratibu, "Mchukulie tu mtoto kikopo chake." Mjomba akakichukua. Kesho yake alipita barabara nzima amekiinua juu kama kombe la mpira, akipaza sauti, "Mimi nimekwisha peleka, nyinyi mnaona haya ya nini?" Kwa sababu yake, kijiji kizima kilileta.

Wiki iliyofuata gari la ultrasaundi liliegeshwa hekaluni, na kitanda kikawekwa kwenye ukumbi wa mahubiri nyuma ya pazia. Kazi ya Oi ilikuwa kuwapaka watu jeli tumboni na kuwafuta baadaye. Mimi nilikuwa naita majina. Watu walikaa sakafuni wakitafuna mbegu za maboga, mtawa mkuu naye akapimwa, ikawa kama sikukuu.

Zamu ya mjomba ilipofika alijilaza huku akichekesha watu. "Daktari, ukiona mtoto usimwambie mke wangu."

Daktari alicheka. Akapitisha kifaa upande wa kulia wa tumbo, akakirudisha, akakipitisha tena. Akaacha kucheka. Alibaki mahali pamoja, akibonyeza, akitazama kioo. Mimi sikuelewa nilichokiona, ila nilimwona Oi. Alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia mkononi, macho kwenye kile kioo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma maandishi anayoyajua.

"Mzee," daktari alisema, "tutakuomba uje hospitali mjini. Kuna picha kubwa zaidi kuliko hii, tunataka kuona vizuri."

"Kuna nini?"

"Kuna kivuli. Kivuli kinaweza kuwa kitu chochote."

Mjomba alimgeukia Oi. "Kivuli gani hicho?"

"Mashine hii ndogo, mjomba," Oi alisema, akimfuta tumbo. "Haioni sawasawa."

Jioni ile, tulipokuwa tukipakia vifaa, Oi alimfuata mwalimu nyuma ya gari. Alitaka ruhusa ya kumwambia mama yake na shangazi Bualai alichokiona.

"Umeona nini?" mwalimu aliuliza.

"Mifereji imetanuka. Na kuna kitu pale inapokutana."

"Wewe ni mwanafunzi. Hujaona kitu mpaka daktari aseme umeona. Hapa wewe si mpwa wake, na mimi nilikuuliza kabla."

"Nitakaaje nao mezani, mwalimu?"

"Hutakaa nao. Utarudi nasi mjini." Mwalimu akaingia ndani ya gari. Nilimchukia siku ile. Sasa sijui kama kulikuwa na neno zuri la kusema ambalo aliliacha.

Ile picha kubwa ilithibitisha. Siku ya kupewa majibu, Oi aliniomba niwe naye. Mjomba aliachwa kwenye benchi la nje na chupa ya chai baridi, na daktari wa upasuaji akakaa na shangazi Bualai, na Lamyai mama yake Oi, na sisi wawili. Alieleza kwa upole. Ni saratani ya mifereji ya nyongo. Bado kuna nafasi ya kuikata, lakini upasuaji wenyewe ni mkubwa, wengine hawatoki. Bila kukata, ni mwaka, pengine pungufu. Akaomba pia ridhaa ya kuchukua kipande kwa ajili ya utafiti, iwapo wataamua kukata.

Shangazi Bualai hakulia. Alikunja ncha ya sarungi yake akaikunjua.

"Asiambiwe," alisema. "Suthin aliambiwa, akageukia ukutani, hakula tena. Mwambieni ni mawe ya nyongo." Kisha akamgeukia Oi. "Wewe ndiye uliyesoma haya mambo. Akatwe au asikatwe?"

Lamyai alisema, "Dada, huyu ni mtoto."

"Mtoto ndiye aliyeyaleta haya kijijini. Aseme."

Oi alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alijua kila takwimu ya ugonjwa ule, wangapi hufika mwaka, wangapi mitano, maana alikuwa amezipanga mwenyewe kwenye majedwali ya ripoti yetu. Niliona midomo yake ikisogea kama anahesabu.

"Akatwe," alisema.

Kabla ya siku ya upasuaji wazee walikuja hospitali na gari la mboga kumfunga mjomba nyuzi nyeupe mikononi ili roho zake zisitawanyike. Muuguzi alitaka kuzikata, halafu akaona nyuso zao, akazibandika kwa plasta. Watu walipoondoka mjomba alimwita Oi karibu na kitanda. Mimi nilikuwa dirishani.

"Oi. Hawa wote wanatabasamu sana."

"Wanafurahi kukuona, mjomba."

"Mimi sijawahi kukudanganya. Hata baba yako alipoondoka, nilikuambia harudi, ulikuwa mdogo, ukanipiga mateke. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi niambie. Ni mawe?"

Oi alikuwa ameshika kidole gumba cha mjomba, kilichopinda kwa kushona nyavu. "Ni mawe, mjomba."

Mjomba aliitikia kwa kichwa polepole. "Haya. Wakiyatoa uniwekee. Nitawaonyesha wale waongo wenzangu wa mtoni." Akafumba macho. Sikujua kama aliamini, na Oi naye hajui mpaka leo.

Walimkata sehemu kubwa ya ini. Daktari alitoka akasema uvimbe ulikuwa umekwenda mbali kuliko picha ilivyoonyesha, ila wamejitahidi. Siku za mwanzo alizungumza, akaomba wali wa kunata. Kisha kidonda kikaanza kuvuja ndani, homa ikapanda, akarudishwa chumba cha uangalizi. Macho yake yakawa manjano. Oi alikuwa akitoka darasani anakwenda kukaa naye, anatoka kwake anakuja maabara kulisha hamsta, kwa sababu ilikuwa zamu yetu na hakutaka nimfanyie. Mjomba alifariki mchana mmoja wa Aprili, watu wakiwa wanamwagiana maji barabarani kwa mwaka wetu mpya wa Kithai, muziki unasikika mpaka wodini. Hakuwahi kurudi nyumbani.

Nilikwenda mazishini. Siku ya kuchoma mwili, kabla ya adhuhuri, wanawake walikuwa wanapika upande mmoja wa uwanja wa nyumba, na upande wa nyuma, penye ghala la mpunga, wanaume walikaa duara na chupa za pombe ya mchele. Katikati kulikuwa na sinia. Sakda, mtoto wa mjomba, aliyekuwa amekuja kutoka Bangkok, alikuwa akichanganya kwa mkono. Nilinusa ndimu na mnanaa kabla sijaona.

Oi naye alinusa. Aliweka chini vikombe alivyokuwa amebeba, akaenda.

"Sakda, hii imepikwa?"

"Koi inapikwa tangu lini? Hiki ndicho chakula cha baba. Tunamuaga."

"Kilichomuua ndicho hiki."

Mwanaume mmoja akasema kwa chini, "Kilichomuua ni kisu."

Oi aliinama, akalinyanyua lile sinia mbele ya mikono yao, akaenda nalo jikoni, akamimina koi yote kwenye kikaango kilichokuwa motoni. Alisimama pale anakoroga. Samaki wakageuka weupe, wakanuka vibaya kwa ndimu. Hakuna mwanaume aliyemfuata. Aliyekuja ni shangazi Bualai, katika nguo zake nyeusi. Alimshika Oi mkono wenye mwiko.

"Alitembea kwa miguu yake mpaka kwenye kitanda chenu," alisema. Hakupaza sauti. "Alikuwa anakula, anavua, anacheka. Mlimlaza, mkamwangalia, akaanza kufa siku ile. Ungemwacha na kivuli chake, angekufa hapa, kwenye mkeka wake, mimi nikimpepea. Na ulimwambia ni mawe."

Oi angeweza kumkumbusha ni nani aliyetaka mawe. Mimi ningemkumbusha. Yeye alisema tu, "Ndiyo, shangazi," akazima moto.

Lamyai alitusindikiza mpaka stendi kabla hata moshi haujaisha hekaluni. Alimpa mwanawe wali wa kunata kwenye jani la mgomba na kumwambia asije kwa siku za karibuni.

Niliamini ataacha. Alikwenda kwa mwalimu Wipada, na nilikuwa nje ya mlango.

"Siwezi tena, mwalimu."

"Pengine huwezi kweli," mwalimu alijibu. "Kipande cha mjomba wako kimefika. Nimempangia Prae, wewe usikiguse. Ukitaka kuacha nitakuandikia barua nzuri, hutaona haya popote."

Oi alikaa nje kwenye ngazi zilezile kwa muda mrefu. Mwishowe akaniambia, "Nipe mimi nikikate."

"Oi, hapana."

"Wewe mkono wako unatetemeka kwenye mashine ya kukatia. Utakiharibu."

Ni kweli, mkono wangu ulikuwa mbaya. Alikikata yeye, vipande vyembamba kuliko karatasi, akavitandaza kwenye vioo, akavitia rangi. Vilipokauka alikaa kwenye hadubini. Nilisubiri alie. Aliangalia kwa makini, akisogeza kioo kidogo kidogo, akaandika alichopaswa kuandika.

"Unaona nini?" nilimuuliza.

"Saratani," alisema. "Nilidhani nitamwona yeye. Ni saratani tu, kama ya mtu yeyote."

Mwaka wa pili wa vipimo gari liliegeshwa tena hekaluni. Mwalimu alimwambia Oi abaki mjini, naye akasema atakuja. Tulitandika mikeka, tukaweka maji, mtawa mkuu akatangaza kwa kipaza sauti asubuhi, akatangaza tena baadaye. Walikuja vikongwe wachache wanaokuja hekaluni siku zote, na Lamyai. Wanaume hawakuja. Wengine walipita nje na nyavu begani, bila kugeuka. Daktari alisoma gazeti. Mchana Oi alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, na mimi nikimfuata. Kwenye nyumba nyingi walituambia mwenyewe yuko shambani, nasi tukiona miguu yake chini ya pazia. Kwa shangazi Bualai mlango ulikuwa umefungwa na mchele umeanikwa nje, umetoka tu kugeuzwa. Oi alisimama pale, akaunganisha viganja kuusalimu ule mlango, tukarudi.

Kabla ya kumaliza chuo tulipeleka kazi yetu kwenye mkutano wa wanafunzi watafiti huko Chiang Mai. Ukumbi ulijaa mabango na vijana waliovaa suti za kuazima. Tulisimama mbele ya bango letu, na mmoja wa majaji, mzee mpole mwenye miwani minene, akapita kidole kwenye mchoro wa vijiji.

"Hiki hapa," alisema. "Mwaka wa kwanza ndicho kilichoongoza kwa waliojitokeza. Mwaka wa pili kimeanguka kabisa. Mlikosea nini?"

Nilifungua mdomo. Oi akanitangulia.

"Tulimkuta mtu mmoja na ugonjwa, mwalimu. Akapelekwa kupasuliwa, akafariki. Alikuwa mtu wao."

"Kwa hiyo mlimkuta mapema?"

"Tulidhani mapema."

"Na mlifanya nini ili warudi?"

"Tulibisha hodi."

Mzee alisubiri, kama vile jibu lina sehemu ya pili. Ilipokosekana aliandika neno kwenye karatasi yake, akamshukuru, akahamia bango la jirani, lililohusu mbu. Oi alitoa kitambaa akajifuta viganja.

Mimi sasa nauza vifaa vya maabara, nazunguka hospitali za mikoani na katalogi. Oi alibaki na mwalimu Wipada. Ni msaidizi wa utafiti, anafundisha wanafunzi wapya kuosha vioo, na wanasema ni mkali. Kila mwaka analala mwenyewe kwenye kitanda cha ultrasaundi, kwa ajili ya wale wapangaji wa zamani, na hadi sasa ini lake ni safi. Nyumbani anakwenda wakati wa kupanda mpunga. Shangazi Bualai siku hizi anamwitikia salamu, na mwaka jana alimpelekea Lamyai kikapu cha maboga akasema ni cha wote wawili, mama na mtoto.

Sakda hakurudi Bangkok. Alichukua mtumbwi na nyavu za baba yake. Mara ya mwisho nilipompigia simu Oi, alikuwa amekutana naye njiani, kwenye tuta la mpunga.

"Amekuwa kama mjomba kabisa," aliniambia. "Hata anavyotembea."

"Mmezungumza?"

"Nilimwomba aje apimwe."

"Akasemaje?"

"Alisema maji yamejaa, samaki ni wengi mwaka huu. Akaniuliza kama nataka wa kupeleka mjini."

"Ulichukua?"

"Nilichukua," alisema Oi. "Nikawapika."